Ni Nani Anayelipa Dawa Zetu?

Somo kwa familia zilizohama na viongozi wa vijiji vinavyozipokea



Katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya pesa na afya. Wengine watauliza: jarida la amani lina kazi gani na fatura za hospitali? Tutajibu kwa kueleza jambo tuliloliona wenyewe katika kazi yetu.

Tunawaomba viongozi wa kambi, wakubwa wa vijiji, wajumbe wa kamati za afya na akina mama wa vikundi wasome somo hili pamoja na watu wao, sehemu kwa sehemu. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana.

1. Meza mbili katika kituo kimoja

Siku moja tulitembelea kituo cha afya ambacho eneo lake lilikuwa limepokea wakimbizi wa ndani wengi. Asubuhi ile akina mama wawili walifika pamoja. Kila mmoja alibeba mtoto mwenye kikohozi na kupumua kwa shida. Mama wa kwanza alikuwa amekimbia vita. Mama wa pili ndiye aliyempokea: kwa miezi minne walikuwa wamelala chini ya paa moja na kula katika chungu kimoja.

Kituoni kulikuwa na meza mbili. Kwenye meza ya kwanza, mama mkimbizi alionyesha karatasi yake ya kuandikwa. Mtoto akapimwa, akapewa dawa, bila kulipa kitu, kwa sababu shirika moja la msaada lilikuwa likilipa kwa ajili ya wakimbizi. Kwenye meza ya pili, mama mwenyeji aliambiwa alipe fishi, kisha dawa. Hakuwa na pesa. Maharagwe aliyoyaweka akiba yalikuwa yamekwisha kuliwa na wageni wake. Alirudi nyumbani na mtoto wake bila dawa.

Jioni ile, kwenye maji, maneno makali yalisemwa. Siku chache baadaye vijana wa pande zote mbili walitaka kupigana. Tuliitwa kupatanisha. Wazee walipouliza chanzo cha ugomvi, hakuna aliyetaja kabila wala shamba. Walitaja meza mbili.

Mtoto yule alipona, Mungu akisaidia, kwa sababu mama mkimbizi aligawa dawa za mwanawe. Muuguzi alituambia kwamba jambo hilo ni la hatari, maana dozi nusu haiponyi vizuri. Lakini sisi tuliona pia moyo wa mama aliyekataa kuacha mtoto wa mwenzake afe.

Baada ya miezi mitatu mradi ulikwisha. Meza ya bure ikaondolewa. Sasa akina mama wote wawili walipaswa kulipa, na wote wawili hawakuwa na kitu. Ndipo tukaanza kujiuliza pamoja nao: ni nani hasa anayelipa dawa zetu?

2. Bango na mfuko

Watu wengi hufikiri kwamba kuna hospitali ya serikali, ambako serikali hulipa, na hospitali ya binafsi, ambako mgonjwa hulipa. Kwetu Kongo hali si hiyo.

Bango lililo mlangoni linatuambia mwenye jengo ni nani. Halituambii pesa inatoka mfuko gani. Mgonjwa anapolipa fishi, kipimo, kitanda na dawa katika hospitali yenye bango la serikali, pesa hiyo ni ya binafsi, kwa maana imetoka mfukoni mwa familia. Kinyume chake, hospitali ya kanisa inaweza kuwa na daktari anayelipwa na serikali, na friji ya chanjo zilizonunuliwa na wafadhili. Katika sehemu nyingi za nchi, hospitali ya kanisa ndiyo hospitali kuu ya zoni ya afya, kwa mapatano na serikali.

Kwa hiyo tujifunze maneno mawili. Matumizi ya umma ni pesa za kodi ambazo serikali inatoa kwa afya ya watu wote. Matumizi ya binafsi ni pesa ambazo familia, kampuni au bima ya watu inatoa. Swali la kwanza la kuuliza si «hii ni hospitali ya nani?» bali «hapa analipa nani?»

Swali la pili: pesa ya mgonjwa inakwenda wapi? Sehemu moja inanunua dawa za mwezi ujao. Sehemu nyingine inagawanywa kwa wafanyakazi, kwa sababu wauguzi wengi hawamo katika orodha ya mishahara ya serikali, au wanapata posho ndogo tu. Sehemu nyingine inatengeneza jengo, na sehemu nyingine inapanda kwenye ofisi za juu. Basi, muuguzi anayekudai pesa si lazima awe mwizi. Mara nyingi naye ana watoto ambao hawajala. Mgonjwa na muuguzi wanavutana juu ya meza, na yule ambaye angepaswa kulipa hayupo chumbani.

3. Tulifikaje hapa?

Nchi yetu haikuwa hivi siku zote. Katika miaka ya 1970, huko Kasongo katika Maniema, madaktari wa Kongo na wa Ubelgiji walijaribu mpango mpya: vituo vidogo vya afya karibu na watu, na hospitali moja ya kupokea wagonjwa wazito wanaotumwa na vituo hivyo. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata na kukubaliana kwamba afya ya msingi ni haki ya watu wote. Katika miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika zoni za afya. Leo zoni hizo ni zaidi ya 500. Kila zoni ina hospitali yake kuu na maeneo yake ya afya, na kila eneo lina kituo chake. Wageni wengi walikuja kujifunza kwetu.

Lakini tangu mwanzo pesa za serikali zilikuwa chache. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika, wakikutana Bamako nchini Mali, walikubali mpango huu: wagonjwa walipe kidogo, pesa hiyo inunue dawa nyingine, na kamati ya wananchi iichunge. Tuzishike sehemu zote tatu za mpango huo. Malipo yalibaki. Dawa mara nyingi hukosekana. Na kamati, katika vituo vingi, imebaki jina tu.

Kisha yakaja mabaya zaidi. Kuanzia mwaka 1990 wafadhili wakubwa walikata misaada yao. Mwaka 1991 na mwaka 1993 miji iliporwa. Pesa ya nchi ilianguka, na mshahara wa muuguzi haukuwa na thamani tena. Serikali haikutangaza kamwe kwamba imeacha afya mikononi mwa watu binafsi. Ilinyamaza tu, na mgonjwa akachukua mzigo.

Ndipo vita vikaja. Shirika la International Rescue Committee lilikadiria kwamba kuanzia Agosti 1998 hadi Aprili 2007 watu milioni 5.4 walikufa zaidi ya wale ambao wangekufa wakati wa kawaida. Wataalamu wengine walibishana juu ya hesabu hiyo, wakasema imezidi. Lakini uchunguzi huo ulionyesha jambo ambalo sisi wa vijijini tulilijua: wengi wa waliokufa hawakupigwa risasi. Walikufa kwa malaria, kuhara, magonjwa ya mapafu na utapiamlo, magonjwa ambayo dawa zake zipo. Vita viliua kwa kufunga barabara, kupora vituo, kufukuza wauguzi, na kuwanyang'anya watu pesa ya kulipa.

4. Mifuko mitatu

Leo pesa za afya katika nchi yetu zinatoka katika mifuko mitatu mikubwa: mfuko wa serikali, mfuko wa wafadhili, na mfuko wa familia.

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, karibu na mwaka 2020 pesa zote za afya nchini Kongo, zikigawanywa kwa watu wote, zilikuwa karibu dola 20 kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima. Tuziweke pesa hizo katika mfano wa franga 10. Karibu franga 4 zilitoka mifukoni mwa familia. Karibu franga 4 nyingine zilitoka kwa wafadhili. Serikali ilitoa chini ya franga 2. Kidogo kilichobaki kilitoka kwa kampuni na wengine.

Hapa kuna ahadi mbili ambazo kila kiongozi anapaswa kuzijua. Mnamo Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Nchi yetu haijafika huko. Tena, bajeti iliyopigiwa kura bungeni ni jambo moja, na pesa iliyotoka kweli na kufika zoni ya afya ni jambo jingine. Ahadi ya pili imo katika Katiba ya mwaka 2006. Kifungu cha 47 kinasema kwamba haki ya afya na ya kupata chakula inahakikishwa. Hakikutofautisha mwenyeji na mkimbizi wa ndani. Aliyehama ndani ya nchi yake amepoteza nyumba, hakupoteza uraia.

Mfuko wa wafadhili umesaidia sana. Chanjo za watoto, dawa za kifua kikuu, dawa za ukimwi na vyandarua vingi vimefika kwa njia ya mashirika kama Gavi na Mfuko wa Dunia. Lakini mfuko huo haumo mikononi mwetu. Mwaka 2025 serikali ya Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya dharura katika Kongo, ilikata sehemu kubwa ya misaada na kulifunga shirika lake la USAID. Mwaka huohuo mapigano yalifika Goma na Bukavu, na makambi mengi yaliyozunguka Goma yalivunjwa. Watu walihama tena, wengi wao wakaingia katika nyumba za wenyeji. Yaani mzigo uliongezeka wakati uleule ambapo mfuko ulipungua.

Mfuko mmoja ukipungua, gharama haipungui. Inahamia mfuko mwingine. Kwa kawaida inahamia kwa yule asiye na sauti ya kukataa, naye ni mgonjwa.

5. Ugonjwa unaleta umaskini, na umaskini unaleta ugomvi

Kulipa mfukoni siku ya ugonjwa ni njia mbaya kuliko zote, kwa sababu tatu.

Kwanza, ugonjwa hauchagui siku. Unakuja kabla ya mavuno, au usiku wa kukimbia. Pili, anayelipa zaidi ni yule aliye mgonjwa zaidi, si yule mwenye mali zaidi. Mama anayepasuliwa ili azae hulipa mara nyingi zaidi ya mfanyabiashara mwenye homa ndogo. Tatu, hofu ya pesa huwafanya watu wachelewe. Hununua vidonge viwili barabarani, hungoja, kisha hufika hospitali wakati ugonjwa umekuwa mkubwa na ghali.

Kwa miaka mingi wataalamu walitumia kipimo hiki rahisi: nyumba ikitumia zaidi ya sehemu moja ya kumi ya matumizi yake yote kwa matibabu, imo katika hatari. Fanyeni hesabu wenyewe. Familia inayotumia franga 100,000 kwa mwezi inaingia katika hatari ikizidi franga 10,000 za matibabu. Ni wangapi kati yetu walizidi hapo mwaka huu? Wangapi waliuza mbuzi, jembe au shamba? Wangapi walimtoa binti shuleni? Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2010 ilieleza kwamba hatari hiyo inakuwa ndogo sana pale tu ambapo malipo ya mfukoni yamepungua hadi asilimia 15 au 20 ya pesa zote za afya. Sisi tulikuwa karibu na asilimia 40.

Tumeona pia wagonjwa waliopona lakini wakazuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni. Tulikuta akina mama waliojifungua wakilala chini ukumbini na vichanga vyao, wakisubiri ndugu watafute pesa. Mume wa mmoja wao alikuwa amekwenda kukata miti ya makaa katika msitu uliokuwa na watu wenye silaha, ili alipe deni. Kifungu cha 17 cha Katiba kinasema mtu hawezi kuzuiliwa ila kwa mujibu wa sheria. Deni la hospitali lipo na lina haki ya kulipwa, lakini halimgeuzi mama kuwa mfungwa. Viongozi wanaweza kwenda kuzungumza na hospitali juu ya kulipa kidogo kidogo. Tulikwenda, na mara nyingi tulisikilizwa.

Sasa mnaona kwa nini jarida la amani linazungumza juu ya fatura. Familia iliyouza shamba kwa ajili ya upasuaji itabishana kesho na aliyelinunua. Kijana aliyeona ndugu yake akifa kwa kukosa pesa kidogo ni rahisi kumvuta msituni. Na wenyeji wakiona wageni wanatibiwa bure, wao wakilipa, watasema vita vimewatajirisha wengine.

6. Je, tuondoe malipo?

Wengi watasema: basi serikali iondoe malipo yote. Tuangalie mifano.

Mwaka 2018, ebola ilipotokea katika Equateur, serikali iliondoa malipo katika zoni zilizoguswa. Watu walijaa vituoni kwa magonjwa ya kila aina. Hilo linatuonyesha kwamba hawakuwa wakikataa dawa za kisasa. Walikuwa wakikosa pesa. Huko Kivu ya Kaskazini na Ituri, ebola ya mwaka 2018 hadi 2020 iliua watu zaidi ya 2,200. Wengi waliuliza kwa hasira: «Kwa nini ebola inatibiwa kwa pesa nyingi namna hii, na malaria inayotuua kila siku tunailipia wenyewe?» Hasira hiyo ilisaidia uongo kuenea, na wafanyakazi wa afya walishambuliwa.

Nchini Burundi, mnamo Mei 2006, serikali ilitangaza kwamba watoto wa chini ya miaka mitano na akina mama wanaojifungua watatibiwa bure. Siku zilizofuata hospitali zilifurika, dawa zikakwisha haraka, wauguzi wakachoka na kulalamika, na malipo ya serikali yakachelewa kufika. Baadaye walitengeneza njia bora ya kulipa vituo, na mpango ukaendelea.

Kwetu, serikali ilianza mwezi Septemba 2023 huko Kinshasa mpango wa kujifungua bure na kumtibu mtoto mchanga bure, kisha ukapelekwa katika majimbo mengine. Ni hatua njema.

Mifano hii inatufundisha jambo moja. Hakuna dawa ya bure. Kuna dawa ambayo mgonjwa hailipi kwa sababu mtu mwingine amekwisha kulipa. Kama hakuna aliyelipa, neno «bure» lililoandikwa ukutani linageuka kuwa malipo ya kichinichini, au rafu tupu. Kwa hiyo, mkisikia kwamba huduma fulani ni ya bure, ulizeni kwa upole: kituo chetu kinarudishiwa pesa na nani, na lini?

7. Kulipa pamoja kabla ya kuugua

Kuna njia nyingine, na mmoja wa mifano yake ya zamani uko katika nchi yetu. Mwaka 1986, huko Bwamanda katika Ubangi, kaskazini-magharibi mwa Kongo, hospitali ilianzisha mfuko wa bima. Kila familia ililipa mara moja kwa mwaka kwa kila mtu wa nyumba, kiasi kidogo kilicholingana na bei ya kilo chache za mazao. Mwanachama akilazwa, alilipa asilimia 20 tu ya fatura, na mfuko ulilipa iliyobaki. Jambo la akili lilikuwa hili: walikusanya mchango wakati wakulima wameuza mazao, sio wakati wa njaa. Tena walikuwa na hospitali ambayo watu waliiamini. Hata hivyo, waliokaa mbali na hospitali walifaidika kidogo kuliko waliokaa karibu.

Rwanda, ambayo tuna machungu mengi juu ya mpaka wake, ilijaribu mifuko ya namna hiyo mwaka 1999, na baadaye zaidi ya watu 8 kati ya 10 waliingia. Mafunzo ya afya hatuyakatai kwa sababu yametoka ng'ambo. Lakini tuseme ukweli wote: mifuko ile haikujengwa na michango ya maskini peke yake. Serikali na wafadhili waliongeza pesa, na maskini kabisa walilipiwa.

Kwetu sheria ya mwaka 2017 juu ya mitueli imefungua njia, na sheria ya afya ya umma ya mwaka 2018 imetaja lengo la kuwafikia watu wote. Lakini hatuhitaji kungoja Kinshasa ili tuanze kidogo. Vikundi vingi vya AVEC vina sanduku la kuweka akiba na, kando yake, mfuko mdogo wa kusaidiana. Likelemba pia tunaijua. Tuchukue mfano wa kufikirika. Nyumba 60, nusu za wenyeji na nusu za waliohama, zinatoa franga 1,000 kila mwezi. Baada ya miezi sita wana franga 360,000. Mgonjwa mmoja akihitaji franga 150,000, peke yake angeweka akiba miezi 150. Pamoja, wanasaidia wagonjwa wawili na kubaki na franga 60,000. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tusidanganyane: mgonjwa wa tatu akija siku hiyohiyo, mfuko umekwisha. Kipindupindu kikija, umekwisha kwa siku moja. Mfuko wa kijiji unasaidia, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya serikali. Tunauanzisha ili tusife tukingoja, na ili tukienda kudai tuwe tumekaa pamoja.

8. Tufanye nini?

Kwa mashirika ya msaada, pamoja na sisi wenyewe: tusiweke meza mbili. Kanuni za Sphere, zinazofuatwa na mashirika mengi, zinataka watu wote walioguswa na dharura wapate matibabu ya lazima bila kulipa. Familia iliyopokea watu kumi nayo imeguswa. Pesa zikiwa chache, ni afadhali kuwasaidia watoto wote na wajawazito wote kwa muda mfupi kuliko kuwasaidia wakimbizi peke yao kwa muda mrefu. Na siku ya mwisho ya mradi itangazwe tangu siku ya kwanza.

Kwa kamati za afya: kila eneo la afya linapaswa kuwa na kamati yake ya maendeleo, ile tunayoita CODESA. Iulizwe: ilichaguliwa lini? Kuna mama ndani yake? Kuna mtu aliyehama? Kamati iombe mambo manne yasiyo na ugomvi. Bei zibandikwe ukutani kwa lugha inayosomwa na watu. Kila anayelipa apate karatasi. Mapato ya mwezi yasomwe mbele ya wajumbe. Dawa zinazofika zihesabiwe mbele ya mashahidi wawili. Muuguzi mkuu mwaminifu atafurahi, maana hesabu ya wazi inamlinda yeye pia. Kamati iulize pia kama kituo kinaweza kuweka bei moja kwa ugonjwa wote, kuanzia fishi hadi dawa ya mwisho, ili mama ajue tangu mlangoni atalipa kiasi gani.

Kwa viongozi wa kijiji na wa kambi: andikeni pamoja orodha ya wasio na uwezo kabisa, wajane, wazee, walemavu, yatima, wenyeji na waliohama katika karatasi moja. Orodha isomwe hadharani, ili asiandikwe ndugu wa chefu mwenye ng'ombe. Mjumbe wa bunge la jimbo akija kuomba kura, mwulizeni jimbo lilipanga kiasi gani kwa afya na kiasi gani kilitoka.

Kwa familia: msingoje ugonjwa uwe mkubwa. Msinunue nusu dozi. Ombeni karatasi ya malipo na muiweke. Na kama mmepewa dawa bure, msijivune mbele ya aliyewapokea.

9. Maswali ya kujadiliana

Kaeni katika vikundi vidogo, wenyeji na waliohama mkichanganyika.

1. Katika kituo chetu, ni huduma zipi zinalipwa na serikali, zipi na wafadhili, na zipi na sisi? Nani anaweza kutujulisha?
2. Mwaka huu, ni familia ngapi hapa zimeuza mali ili zilipe matibabu?
3. Je, kumekuwa na meza mbili kwetu? Zilileta maneno gani?
4. Kama tungeanzisha mfuko, mwezi gani ni rahisi kutoa mchango? Nani angeshika ufunguo wa sanduku, na nani angeandika hesabu?
5. Tungefanya nini kwa yule asiyeweza kuchanga hata franga moja?
6. Ni jambo gani moja tutaliomba kwa kamati ya afya kabla ya mwisho wa mwezi ujao?

Tunamaliza kwa kurudi kwa wale akina mama wawili. Mradi ulipokwisha, ndio walioita mkutano wa kwanza chini ya mwembe. Walikuja watu kumi na saba tu. Waliamua kutoa franga 500 kwa wiki, na kuomba bei zibandikwe mlangoni mwa kituo. Tuliporudi mara ya mwisho, karatasi ya bei ilikuwa ukutani, imeandikwa kwa mkono, na sanduku lilikuwa na wagonjwa watatu katika daftari lake: wawili wenyeji, mmoja aliyehama. Sanduku lenyewe lilikuwa karibu tupu. Lakini hakuna aliyeuliza tena mgonjwa anatoka upande gani.

Amani iwe nanyi.